Mboji Chini ya Dirisha la Mama Mkwe

Jumapili, 2 Machi

Mkutano wa wakazi asubuhi, uani, nyuma ya jengo. Nilikwenda kwa sababu mke wangu alinitazama kwa namna fulani wakati wa chai. Yeye ni mwalimu wa chekechea. Hana haja ya kukuambia nenda. Anakutazama tu, nawe unajikuta umeshavaa viatu.

Jambo lenyewe lilikuwa moja: kipande cha ardhi kwenye kona ya bustani ya pamoja, kando ya ukuta. Aliyekuwa akikilima amehama. Mwenyekiti wa bustani, mama aliyestaafu kazi ya kukagua tiketi kwenye treni, akasema hatakigawa kwa kujuana. Udongo wa pale umechoka. Atakayekipata ni yule atakayeonyesha kwamba anajua kugeuza takataka za jikoni kwake kuwa mboji nzuri. Mboji ya kila mtu itatiwa kwenye kopo, itapandwa maharage, na maharage yenyewe ndiyo yatakayoamua.

Tulionyoosha mkono ni wawili. Shemeji yangu, na mimi.

Shemeji ni kaka yake mke wangu. Anakaa chini, sisi tunakaa juu yake. Anafundisha watu kuendesha gari, na kazi hiyo imempa utulivu unaoudhi. Hata ukimkanyaga mguu atakuambia taratibu uwe unaangalia kioo cha pembeni. Ana pipa la mboji nyuma ya jiko lake. Mboji yake ni nyeusi, laini, inanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Nimeinusa. Alinialika niinuse. Aliniwekea kiganjani kama mtu anayekuonyesha kifaranga.

Mimi sina mboji hata ya kujaza kijiko. Makopo yatapandwa baada ya wiki mbili. Lakini mpaka mwaka jana, kabla kiwanda hakijafungwa, nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sabuni. Mtu aliyegeuza mafuta machafu yakawa sabuni ya kunukia hawezi kushindwa na maganda ya viazi.

Sababu ya kuitaka kona ile siiandiki. Ni mambo ya ndani.

Jumatatu, 3 Machi

Basi naiandika, maana sikupata usingizi mzuri.

Kona ile iko chini ya dirisha la Mama. Mama ni mama mkwe wangu. Alikuja kuishi nasi baba mkwe alipofariki. Maisha yake yote alikuwa mkulima. Sasa anakaa kwenye kiti, chumba cha nyuma, mikono mapajani, anaangalia ua usio na cha kuangalia. Ukimuuliza kama amelala vizuri, anasema sawa tu. Ukimuuliza kama anataka redio, sawa tu. Ukiizima, sawa tu. Wiki iliyopita nilimpelekea chai niliyoitia chumvi badala ya sukari, kwa haraka zangu. Akainywa yote. Nilipogundua na kwenda kumwomba radhi, akasema sawa tu. Mke wangu akaingia jikoni akafungulia bomba ili nisimsikie akilia. Nilimsikia.

Leo nilisimama mlangoni pa chumba cha Mama, kwa heshima, nikamwambia kwamba kona ile nikiipata itakuwa yake, alime anachotaka. Akatazama chini, kwenye kona ile. Kisha akaniuliza, "Inapata jua la asubuhi au la jioni?"

Sikujua. Lakini ni swali la kwanza aliloniuliza tangu alipofika. Nilishuka ngazi mbili mbili kwenda kuangalia jua.

Nimeanza kazi. Pipa la plastiki la bluu, zawadi yangu ya kuagwa kiwandani, lina kifuniko kinachobana kabisa. Nimetia maganda ya viazi, majani ya chai, nyanya zilizooza, makombo ya chakula cha jana na cha leo. Cha leo nilikichukua mapema kidogo, mke wangu alikuwa hajamaliza kula.

Shemeji alipita akachungulia. Akasema kwa upole kwamba vyote nilivyotia ni vibichi na vina maji mengi. Vinataka kuchanganywa na vitu vikavu, majani makavu au maranda ya seremala, na rundo lipate hewa. Nilimshukuru kwa tabasamu. Ujanja wake nimeushtukia. Anataka nijaze pipa vitu visivyo na kitu ndani yake. Kama jani kavu lingekuwa na nguvu lingebaki mtini.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mafanikio makubwa.

Nimefikiria tatizo kitaalamu. Kiwandani, ukitaka sabuni kali unatia mafuta mengi. Kwa hiyo mboji kali inataka kitu chenye nguvu. Nikaenda sokoni kwa muuza samaki nikamwomba matumbo na vichwa. Akaniuliza nafuga nini. Nikamwambia nafuga udongo. Alinitazama sana, kisha akaniongezea ndoo ya pili, na kunishika bega wakati naondoka.

Nimetia ndoo zote mbili. Nikafunga kifuniko, nikazungushia nailoni na kamba ili joto lisitoke. Shemeji, aliyekuwa akiosha gari la mafunzo, akaacha kuosha. Akaniuliza kama ni samaki. Nikamjibu ni siri ya kazi. Akasema samaki na nyama haviwekwi kwenye mboji ya uani, vinanuka na kuleta panya. Nikaona uso wake. Alikuwa na wasiwasi. Mshindani akianza kuwa na wasiwasi, ujue uko kwenye njia nzuri.

Jumamosi, 8 Machi

Kuna harufu ndogo.

Jirani wa ghorofa ya tatu amemwita fundi wa mabomba. Fundi alizunguka jengo zima akitafuta bomba la maji machafu lililopasuka, mpaka akafika kwenye pipa langu. Alifunga mkoba wake akaondoka.

Mke wangu amenikalisha kwenye kiti kidogo cha jikoni, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akauliza tunafanyaje tunapokuwa tumewaudhi wenzetu. Nikasema tunasema samahani. Akaniuliza na kisha? Nikasema na kisha tunasafisha. Akanipigia makofi. Siyapendi makofi hayo. Ndiyo anayowapigia watoto waliofaulu kuvaa soksi.

Mwenyekiti naye alikuja, leso puani. Akasema katika utumishi wake wote aliwahi kukuta mbuzi kwenye behewa la kulala, amesafirishwa safari nzima bila tiketi, na behewa lile lilikuwa na afadhali.

Lakini harufu ni fani yangu. Nilikuwa na miche ya sabuni ya maua imebaki kabatini. Nikaipara kwenye kikwaruzo cha jikoni, nikaichanganya ndani ya pipa. Baada ya muda matokeo yakaanza kuonekana. Sasa pipa linanuka kama samaki aliyeoga vizuri anakwenda harusini.

Mama leo amefunga dirisha. Mke wangu alisimama katikati ya chumba akilitazama lile dirisha. Akaninong'oneza kwamba hakuna aliyemwambia alifunge. Amelifunga mwenyewe, kwa mkono wake, na akasonya. Hatukujua tufurahi au tuombe radhi.

Jumatatu, 10 Machi

Nyungunyungu.

Nimesoma kwenye gazeti lililofungiwa vitumbua, kipande tu, kwamba nyungunyungu hula takataka na kutoa mboji bora. Mwisho wa makala ulikuwa na mafuta, haukusomeka. Lakini wazo nililipata. Nikaenda kwa muuza ndoana, anauza nyungunyungu wa chambo, nikarudi na boksi zima. Nikawamimina ndani ya pipa, nikawaeleza kazi yao.

Nilipoamka kutoka usingizi wa mchana, walikuwa wamehama.

Naandika neno hilo kwa makusudi. Hawakufa, hawakutawanyika. Walipanda ukuta wa pipa kwa ndani, wakatoka pale nilipoachia nailoni, wakashuka, na msafara wao ulikuwa umeshafika katikati ya kijia, wote wakielekea upande mmoja. Upande wa pipa la shemeji.

Sikukubali. Nilichukua kijiko cha supu nikaanza kuwarudisha mmoja mmoja. Nilikuwa namrudisha mmoja, wawili wanatoka. Jua kali. Shati limelowa. Nilipoinua kichwa nikaona pazia la Mama limesogezwa na uso wake uko kwenye kioo, mkono mdomoni. Nilidhani anaumwa. Nikampungia kijiko. Akarudisha pazia haraka.

Shemeji alitoka akachuchumaa kando yangu. Nilidhani atanicheka. Akasema tu kwamba sabuni inawachoma ngozi, na akaniuliza kama angeweza kuwahifadhi. Nikasema awachukue, ni wavivu. Wameshahamia kwake. Kwa hiyo sasa hata wafanyakazi wangu wanamfanyia kazi adui.

Jumatano, 12 Machi

Makopo yanapandwa keshokutwa. Nilifungua pipa. Ndani mna uji. Uji wa kijivu, na macho ya samaki yananitazama.

Nilijiuliza, mboji inatengenezwa na nini? Joto. Watu wote wanasema rundo zuri la mboji hupata moto lenyewe. Langu halikupata moto kwa sababu ya uvivu. Je, nyumba yangu haina moto? Ina oveni.

Mke wangu alikuwa kazini. Nilichukua sinia mbili, zile kubwa, nikatandaza uji, nikaweka moto wa wastani. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baadaye povu la sabuni likaanza kupanda. Likafika kwenye mlango wa oveni. Likatoka.

Mama akatokea jikoni. Sijui ni mwezi gani aliingia jikoni mara ya mwisho. Alisimama akatazama povu linalotambaa sakafuni, akatazama sinia, akanitazama mimi niliyefunga taulo puani. Akauliza, "Mkwe wangu, hiki tunakula?"

Nikamwambia hapana, Mama, ni mboji. Akafikiri. Kisha akasema huko kwao hata shetani hakupikiwa namna hii. Akachukua kitambaa akaanza kufuta sakafu. Nilimsihi aache, akanikazia jicho. Tulifuta pamoja, mkwe na mkwe, tumepiga magoti. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alikuwa anafuta kwa nguvu za ajabu.

Mke wangu aliporudi alifungua madirisha yote na kwenda kula kwa kaka yake. Lakini kilichobaki kwenye sinia ni kikavu na ni cheusi. Kwa macho tu, huwezi kukitofautisha na cha shemeji. Labda ukikivunja. Kinavunjika kwa sauti.

Ijumaa, 14 Machi

Kupanda. Mwenyekiti aliongoza shughuli kama treni ya rais inapita. Makopo mawili ya maziwa ya unga, ya aina moja. La kushoto mboji ya shemeji, la kulia mboji yangu. Mbegu za maharage kutoka mfuko mmoja, alizipanda yeye mwenyewe. Kisha akafunika juu kwa mchanga makopo yote mawili ili mtu asihukumu kwa macho. Akayaweka juu ya ukuta mfupi chini ya dirisha la Mama, na nyuma yake, ukutani, akaandika kwa chaki ghorofa ya kila mmoja wetu: "Chini" upande wa kushoto, "Juu" upande wa kulia. Akatangaza kwamba yeye ndiye atakayemwagilia, na hukumu ni wiki ijayo, Jumamosi.

Nilipopitisha mboji yangu kwake aliinusa, akafumba macho, akaniuliza kama ninaumwa.

Mama alifuatilia yote kutoka juu. Alikuwa ameegemeza viwiko dirishani. Dirisha wazi.

Jumapili, 16 Machi

Nitaandika jambo hili kwa ufupi kwa sababu si la kujivunia.

Baada ya chakula cha mchana jengo lote lilikuwa kimya, watu wamejilaza. Nilikuwa nimekaa sebuleni nikiwaza. Mboji ya shemeji ikishinda, kona inakwenda kwake, atapanda mchicha kwa mistari iliyonyooka. Na Mama? Ataurudia mkao wake, mikono mapajani. Ameniuliza jua linakuwaje pale. Mtu akikuuliza hivyo amekukabidhi kitu.

Nikashuka. Nikatazama huku na huku. Nikachukua kopo la kushoto nikaliweka kulia, la kulia nikaliweka kushoto. Basi. Makopo hayana jina, jina liko ukutani. Kazi ya kufumba na kufumbua. Juu nikaona pazia limetikisika. Upepo.

Nilipopanda nilimkuta Mama ameketi kitini, mabega yanamtetemeka, shuka mdomoni. Nikamuuliza kama ana homa. Akatikisa kichwa. Nikamchemshia maji ya limau.

Jumatano, 19 Machi

Maharage yameota.

Kopo la kushoto. Lililoandikwa "Chini". La shemeji. Vichwa vya kijani vimeinuka na kubeba mchanga mgongoni. Kopo la kulia, lililoandikwa "Juu", langu, mchanga mtupu kama uwanja wa mpira.

Nilisimama pale nimepigwa na butwaa. Kisha akili ikaanza kufanya kazi, taratibu, na nilipoelewa ilibidi nikae chini.

Mimi niliyabadilisha. Lililoko kushoto ni kopo langu. Kwa hiyo kilichoota ni mboji yangu. Yangu, ya samaki, ya sabuni, ya oveni. Imemshinda shemeji waziwazi, bila msaada wa mtu, na mimi kwa mikono yangu mwenyewe nikaichukua nikampa yeye.

Ijumaa, 21 Machi

Sijala vizuri. Maharage ya kushoto sasa yana majani mawili mawili, yanapendeza kama watoto wa shule. Kila anayepita anampongeza shemeji. Anajibu asante kwa sauti ya chini na kutazama pembeni. Anaona aibu, nadhani, kwa sababu mboji yake haikuwahi kuotesha namna hii.

Siwezi kuyarudisha makopo. Watu wote wameshaona ni upande gani umeota. Nimebaki na njia moja tu. Ni njia ngumu lakini ina heshima: kusema ukweli. Nikisema ukweli nitakuwa nimekiri udanganyifu, ndiyo, lakini udanganyifu wa kujidhuru mwenyewe. Sheria haina adhabu kwa mtu aliyejiibia.

Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike kwa mpangilio, kichwa bado kinazunguka.

Watu walikusanyika uani. Mwenyekiti akasoma matokeo: kushoto limeota lote, kulia hakuna kitu. Akafungua mdomo kumtangaza shemeji. Nikapiga hatua mbele. Nikasema ninayo machache ya kusema.

Nilizungumza vizuri. Mke wangu anasema nilizungumza mno. Nikawaeleza kwamba Jumapili, kwa udhaifu wa kibinadamu, niliyabadilisha makopo, na kwamba kwa hiyo maharage wanayoyaona, marefu, yenye afya, ni matunda ya mboji yangu niliyoibuni mwenyewe. Nikasema naomba radhi na naomba kona yangu.

Mke wangu alifunika uso kwa mikono yote miwili.

Shemeji akakohoa. Akasema taratibu, kama anamwelekeza mwanafunzi kurudi nyuma kwenye njia nyembamba, kwamba kuna jambo. Jumamosi, siku moja kabla yangu, watu wakiwa dukani, na yeye aliyabadilisha.

Sikuelewa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mwenyekiti akachukua chaki akachora ukutani: kopo zuri likaenda kulia, kisha likarudi kushoto. Mahali pake palepale. Akaiweka chaki mfukoni. Akachukua kopo la kulia, lile tupu, akalimimina chini, na harufu ya samaki aliyekwenda harusini ikatandaa ua mzima. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nikamuuliza shemeji kwa nini. Mtu mwenye mboji kama ile, anaibadilisha na uji wa oveni?

Akasema, "Mama alikuwa anakutazama, shemeji. Tangu baba atutoke hakuna kitu alichokitazama. Wewe na kijiko chako na nyungunyungu, alikuwa hatoki dirishani. Nikaona ukishindwa utaacha. Ukiacha, atatazama nini?"

Nikamshukuru kwa moyo wote. Ni jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Ndipo tukasikia sauti juu yetu. Mama alikuwa amejishika kwenye fremu ya dirisha, anacheka. Si kicheko cha mtu mzima. Kicheko cha kushika mbavu, cha machozi, mpaka anakosa pumzi. Alipoweza kusema akasema aliwaona wote wawili. Wa kwanza alikuwa mwanawe, amevaa soksi bila viatu asisikike. Wa pili alikuwa mkwewe, akitazama huku na huku kama kuku anayetaka kuvuka barabara. Akasema alitaka kupiga kelele kumzuia wa pili, lakini alikuwa ameuma shuka.

Mke wangu alianza kulia hapo hapo mbele za watu, na hapakuwa na bomba la kufungulia. Kisha akacheka naye. Shemeji akamshika mkono.

Mama akashuka. Ngazi zote, mwenyewe. Akapita katikati yetu bila kumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kona. Akapiga goti, akafikicha udongo kiganjani, akautemea mate kidogo, akaufikicha tena. Akasema ardhi hii ina njaa. Mwenyekiti akamuuliza kama angependa kuilisha yeye, maana wawili hawa hawapati hata tiketi ya kusimama. Nilisubiri aseme sawa tu.

Akasema, "Nani atanichimbia?"

Jumapili, 23 Machi

Mgongo hauna mawasiliano na miguu.

Mama ametufanya tumwage pipa langu lote chini. Amemtuma shemeji kwa seremala akaleta magunia ya maranda, na mimi nimefagia majani makavu ya mtaa mzima. Vichwa vya samaki niliambiwa nivitoe kimoja kimoja nikavizike mbali, na uji wa sabuni ukatupwa. Kilichobaki tukakichanganya: tabaka la kibichi, tabaka la kikavu, maji kidogo, kisha kugeuza kwa beleshi ili hewa ipite.

Mama na shemeji wamegombana. Mama anataka kumwaga majivu debe zima, ndivyo walivyofanya shambani. Shemeji anasema majivu mengi yanaharibu, yatosha konzi moja. Mama akamwambia hawezi kufundishwa majivu na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Shemeji, kwa mara ya kwanza nimsikie, akapandisha sauti. Walibishana mpaka jirani wa ghorofa ya tatu akatoka kusikiliza. Mwisho wakakubaliana nusu debe, na kila mmoja akaenda zake akiamini ameshinda. Shemeji alipogeuka nikaona anatabasamu.

Mimi niliendelea kugeuza. Hakuna aliyeniambia niache.

Jumamosi, 9 Agosti

Mboji iliiva tangu Mei na kona imeshalishwa. Nyeusi, laini, inashikana ukiikamata na kuachia ukifungua mkono. Inanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Nyungunyungu wamerudi wenyewe, bila kijiko. Mwenyekiti aliinusa leo macho yakiwa wazi, akasema hajaona mboji bora zaidi ya hii katika bustani hii. Mama aliinama akaendelea kupalilia. Ana nyanya, ana maboga, ana ugomvi na shemeji kuhusu umbali kati ya shina na shina. Anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Jana alinifokea kwa kuingia na matope.

Nimekaa nikatafakari mafanikio haya, na sioni njia ya kukwepa ukweli. Ni samaki. Maranda na majani yalisaidia, sikatai, yalijaza nafasi. Lakini nguvu ya msingi iliwekwa na mimi Machi, na ilihitaji muda tu. Nimemweleza mke wangu. Akanipigia yale makofi.

Sasa kuna jambo jipya. Mwenyekiti ametangaza kwamba watu wa bustani ya jengo la ng'ambo ya barabara wana boga kubwa, wanalionyesha kila mgeni. Mama aliposikia alikunja uso. Nilimwona.

Nimegundua kwamba boga ukilitoboa shina na kulipitishia uzi, ncha ya pili ukaichovya kwenye chupa ya maziwa, linanyonya kama mtoto na kunenepa mara dufu. Nilimsikia mtu akimwambia mwenzake kwenye foleni. Ni jambo la wazi kabisa ukilifikiria. Nimeanza na boga lile kubwa la Mama, kwa nyuma, palipo na majani, asipoweza kuona. Tangu jana limekunywa maziwa yote ya nyumba. Limebadilika rangi kidogo upande mmoja, na kuna ulaini fulani ukilibonyeza. Linakua.

Jioni hii Mama alikuja na jagi tupu mkononi akauliza maziwa ya chai yamekwenda wapi. Nikamwambia atakuwa ni paka.

Hatuna paka. Kesho asubuhi na mapema nakwenda kutafuta mmoja.